Usizime Gari la Mama

SEHEMU YA SITA

Mlionifuata tangu mwanzo mnajua nilivyotoka shule darasa la sita baba alipofariki, nikabaki nyumbani kuchuma chai na kumtunza mama, hapa kwetu juu ya Chepseon. Mnajua pia kwamba mama aliniapisha nisitaje ugonjwa wake mbele ya mtu yeyote. Kwa anayeanza leo, inatosha ajue kwamba ulikuwa ugonjwa wa kike, wa ndani, na ulifika mahali mama hawezi tena kukaa kitako.

Daktari alitaka siku ishirini na tano za mionzi kule Nakuru. Jumatatu hadi Ijumaa, wiki tano.

"Usiruke hata siku moja," alimwambia. "Ukiruka, ugonjwa unapumzika. Ukipumzika, unaamka na nguvu."

Nyumba ya wagonjwa wa mbali ilikuwa imejaa hadi kwenye korido. Ilibidi twende na kurudi kila siku, kilomita themanini kwenda na themanini kurudi. Ndipo kaka yangu Kipkurui akauza ng'ombe wawili, akaongeza bonasi ya chai, akaleta gari.

Leo naandika juu ya gari hilo, na juu ya jambo ambalo sijamwambia mtu mpaka leo.

* * *

Lilikuwa stesheni wagon ya rangi ya kijivu, ndefu nyuma. Siku ya kwanza jirani yetu Kipsang, mwenye bodaboda, alilizunguka mara mbili akitingisha kichwa.

"Kipkurui, umeanza kazi ya kubeba maiti?"

"Hiyo ni gari ya familia," Kipkurui alisema. "Na ni dizeli. Pikipiki yako inafanya kilomita ngapi kwa lita?"

"Arobaini."

"Ikibeba nani? Wewe na kuku. Hii inabeba nyumba nzima na inafanya ishirini na mbili. Injini ni elfu moja mia sita tu, lakini iko na turbo. Gia sita. Ukipanda mlima wa Londiani haujui ni mlima."

"Na ikiharibika?"

"Haiharibiki."

Kaka hakununua gari kwa maringo, ingawa maringo yalikuja baadaye. Alilinunua kwa sababu ya sakafu yake. Viti viwili vya nyuma vililala, sakafu ikawa sawa mpaka mlangoni, godoro la futi mbili na nusu likaingia kama lilishonewa humo. Kiti kimoja kilibaki wima. Kilikuwa changu. Nilikaa hapo nimeshika mkono wa mama, na katikati ya viti vya mbele niliona dashibodi yote.

Tanki lilikuwa la lita hamsini na tano. Tulilijaza Jumapili, na Ijumaa jioni bado kulikuwa na kitu. Kama si hivyo, tungeshindwa wiki ya kwanza.

Siku ya kwanza, pale barabara ilipokuwa inatengenezwa, tulisimamishwa na injini ikanyamaza ghafla. Mama alinifinya mkono.

"Imekufa?"

Kipkurui alicheka. "Inahifadhi mafuta, Mama. Ikisimama inajizima yenyewe, nikikanyaga klachi inaamka."

"Cherotich, mwambie kaka yako ninaogopa ikinyamaza. Nafikiri tumefika pabaya."

Kuna kitufe kilichoandikwa herufi A. Ukikibonyeza, gari halijizimi. Lakini likizimwa na kuwashwa tena linasahau, kwa hivyo Kipkurui alikibonyeza kila asubuhi kabla hatujatoka nyumbani. Kila asubuhi mama aliuliza, "Umebonyeza?" naye akajibu, "Nimebonyeza."

Kumbukeni kitufe hicho.

* * *

Siku ya tisa ya mionzi, taa ya njano iliwaka kwenye dashibodi. Palikuwa na kapicha kadogo, maneno ya Kizungu, na nambari.

"Kuna nambari hapo," nikasema.

"Gani?"

"Elfu mbili mia nne."

"Ni servis. Hizi gari za ng'ambo zinalia servis kama mtoto analilia uji."

Kesho yake nambari ilikuwa elfu mbili mia mbili na arobaini. Nilikohoa. Mimi nikitaka kusema jambo, kwanza nakohoa.

"Kipkurui, ile nambari inapungua."

Alibadilisha gia. Alikuwa amechoka. Alikuwa anachuma chai alfajiri kabla ya safari, na jioni anakamua ng'ombe aliyebaki.

"Cherotich," alisema, "uliishia darasa la sita. Wacha kunisomea gari."

Mama alisikia. Alinikandakanda vidole.

Tulipofika nyumbani Kipkurui alichukua utepe mweusi wa umeme akaubandika juu ya ile taa ili isimsumbue macho. Utepe ulifunika picha na maneno. Nambari haikufunikwa.

Nilianza kuiandika nyuma ya daftari la dawa za mama. Kila siku ilipungua mia moja na sitini, sawa na kilomita za safari yetu. Jumapili moja baada ya kanisa nilikaa jikoni na kalamu nikagawanya. Niligawanya mara tatu, kwa sababu sikujiamini. Kila mara jibu lilikuwa moja. Nambari ingekwisha siku ya ishirini na tatu.

Mama alihitaji ishirini na tano.

Mtu mwingine angekimbia hapo hapo akaseme. Mimi nilifunga daftari. Nilijiambia labda nimekosea, labda ni servis kweli, labda nambari ikiisha inaanza upya. Wiki mbili nilikaa nyuma ya kaka yangu nikiitazama ikishuka, na sikukohoa tena.

* * *

Jumamosi baada ya siku ya ishirini, nambari ilikuwa mia nne na themanini. Nilipeleka majani kwenye kituo cha kununulia chai, nikayapima, na badala ya kurudi nyumbani nikashuka Chepseon hadi gereji ya Okoth.

Baba yake Okoth alitoka upande wa ziwa kuja kufanya kazi kiwandani, na Okoth amezaliwa hapa hapa. Kikipsigis chake kinanishinda mimi.

"Chamgei, dada ya bosi!" alipiga kelele kutoka chini ya pikapu. "Leo umekuja kwa miguu? Ndege ya Kipkurui imeanguka?"

Vijana wa gereji walicheka. Nilikuwa karibu kurudi nilikotoka. Nikampa daftari.

Okoth alijifuta mikono, akasoma ile safu ya nambari polepole. Aliacha kucheka.

"Nani ameandika hii?"

"Mimi."

"Hiyo taa, picha yake ni kama matone?"

"Kama mvua ndogo."

"Aya. Keti hapa kwa tairi." Alikaa mbele yangu. "Gari yenu inakunywa vitu viwili. Dizeli, hiyo mnajua. Lakini dizeli za siku hizi hazikubaliwi kutoa moshi mchafu, kwa hivyo kuna tanki ya pili, ndogo. Hiyo inanyunyiza maji kwa ekzosi ndio moshi uoshwe. Pale mnapojaza dizeli, hakuna kifuniko kingine cha bluu, kando?"

"Kipo. Kipkurui anasema ni cha hewa."

"Hewa!" Alicheka kidogo, kisha akanitazama tena. "Hayo maji ni ya yurea. Yakiisha, gari haiwaki. Si ati imeharibika. Kompyuta yake imekataa, basi."

Nilihesabu kwa vidole siku zilizobaki.

"Lakini si shida," Okoth alisema. "Mtungi mmoja wa lita kumi, petroli stesheni yoyote kubwa ya Nakuru. Mnapita hapo kila siku. Sasa sikia vizuri, dada yangu. Si yurea ya shamba. Nyinyi wakulima ukisema yurea mnakimbia stoo. Ya shamba wameipaka dawa isigande, na iko na uchafu. Ukiitia hapo umeua pampu. Nimesema nini?"

"Si ya shamba. Ya mtungi. Petroli stesheni."

"Rudia."

Nilirudia.

"Wewe ndiye ungekuwa fundi kwa hiyo nyumba," alisema.

Nilipanda mlima nikirudia maneno hayo kama mtoto aliyetumwa dukani. Si ya shamba. Ya mtungi. Si ya shamba.

* * *

Nyumbani Kipkurui alikuwa anaosha gari. Kipsang alikuwepo, na wanaume wengine wawili wa kanisani waliokuja kumsalimu mama. Walikuwa wamesimama na vikombe vya chai, Kipkurui akiwaeleza juu ya turbo.

Nilisimama kando nikangoja anyamaze. Hakunyamaza. Nikakohoa.

"Okoth anasema gari inataka yurea."

Wote wanne waligeuka wakanitazama.

"Inataka nini?" Kipsang aliuliza.

"Yurea," nikasema, na sauti ikaanza kuniisha.

"Gari inataka mbolea!" Kipsang alimwaga chai kwa kucheka. "Kipkurui, si nilikuambia? Ukiitia na samadi itazaa ingine!"

Walicheka wote. Si kicheko kibaya, najua. Walikuwa watu wazuri waliokuja kuona mgonjwa. Lakini nilihisi uso wangu unaungua, na yale maneno niliyoyabeba mlima mzima sikuyatoa.

Kipkurui peke yake hakucheka. Alikuwa anafikiri.

"Ngoja. Nimewahi kusikia kitu kama hiyo. Kwa kile kifuniko cha bluu?"

Nilitikisa kichwa kukubali.

"Basi iko! Nusu gunia ilibaki tuliporudishia mahindi mbolea." Akamgeukia Kipsang. "Unaona? Hata dawa yake tunayo stoo."

Maneno mawili tu yalihitajika. *Si hiyo.* Mtoto wa miaka miwili anaweza kuyasema.

Niliingia jikoni. Nilikaa kwenye kigoda, na kupitia ukuta wa mbao nikasikia maji ya tangi yakimiminwa kwenye ndoo, halafu mti ukikoroga. Nikasikia Kipsang akisema, "Ongeza kidogo, hii gari ni kubwa." Nikasikia kifuniko kikifunguliwa.

Nilimenya viazi vya watu kumi siku hiyo. Tulikuwa watatu.

* * *

Jumatatu, siku ya ishirini na moja, taa haikuwaka. Nambari haikuwepo. Kipkurui alibandua ule utepe akautupa nje kupitia dirishani, akapiga mluzi mpaka Mau Summit.

"Cherotich," alisema akinitazama kwenye kioo, "ile siku nilikuongelesha vibaya. Nisamehe. Umetuokoa."

Mama aliomba kwa sauti, pale pale kwenye godoro, akamshukuru Mungu kwa binti yake mwenye macho.

Sijawahi kusikia maneno mazito kama hayo. Nilitazama miti ya misipresi ikipita.

Tukirudi, kabla ya kufika nyumbani, kengele ililia ndani ya gari. Taa ilirudi, na sasa ilikuwa nyekundu. Nambari ilikuwa mia mbili na arobaini.

Tulipomshusha mama na kumlaza, tulienda moja kwa moja kwa Okoth. Alifungua kifuniko cha bluu. Mdomoni mwa tanki palikuwa na ukoko mweupe, kama magadi ya ng'ombe.

"Nani ametia hii?"

"Mimi," Kipkurui alisema.

"Lakini si nilimwambia dada yako—"

Okoth aligeuka. Alinitazama. Mimi nilikuwa natazama gambuti zangu.

"Ulimwambia nini?" Kipkurui aliuliza.

Okoth alifunga kifuniko cha bluu taratibu.

"Nilimwambia haraka haraka," Okoth alisema. "Nilikuwa chini ya gari. Labda sikueleza vizuri."

Kipkurui alishika kichwa. "Kosa ni langu. Ningekuja mwenyewe. Nikaona nikija nitaonekana sijui gari."

Hivyo ndivyo kosa langu lilivyogawanywa kwa wanaume wawili, na mimi nikabaki nimesimama pale na mikono mitupu.

"Itengenezwe sasa," Kipkurui alisema.

"Kompyuta imeonja maji mabaya, imewapa kilomita hizo tu. Tanki itoke. Pampu mpya iagizwe Nairobi. Halafu kompyuta ifutwe. Nikibahatika, siku tano."

"Mama amebakisha siku nne."

"Najua, bosi."

"Tukodishe ingine?"

"Ya kulaza mtu? Iko wapi hapa Chepseon? Na mama yako atakubali watu wamuone akibebwa?"

Sote watatu tulijua mama atakataa. Okoth mwenyewe alijua tu ni mgongo, ndivyo tulivyowaambia watu.

Okoth alichukua chaki akaandika kwenye ukuta wa gereji. Mia mbili na arobaini. Jumanne, toa mia na sitini. Jumatano, themanini.

"Jumatano mtafika Nakuru na sifuri," alisema. "Sasa sikieni, wote wawili. Na wewe, Cherotich, sikia. Hii kompyuta iko na sheria moja. Haizimi gari ikitembea. Inakataza kuiwasha tu. Ikifika sifuri ikiwa inanguruma, itaendelea kunguruma mpaka mtu aizime."

"Kwa hivyo tusizime," Kipkurui alisema polepole.

"Msizime. Jumatano mama akiwa ndani, inguruma. Mrudi nayo, ilale ikinguruma hapo nyumbani. Alhamisi hivyo hivyo. Hii injini ikisimama haimalizi lita kwa saa, hiyo ndiyo uzuri wake. Jazeni tanki, mbebe na mtungi wa dizeli. Ijumaa mama akimaliza, mje muizimie hapa mbele yangu. Nitaifungua hata mwezi mzima."

"Na ile batani ya A," nikasema. Sijui sauti ilitoka wapi.

Okoth alinielekezea chaki. "Umesikia? Huyu ndiye fundi. Msipobonyeza A itajizima yenyewe kwa foleni, na hapo mmekwisha."

* * *

Jumatano. Siku ya ishirini na tatu.

"Umebonyeza?" mama aliuliza.

"Nimebonyeza, Mama. Leo nimebonyeza mara moja na nimeangalia mara kumi."

Mama alikuwa amedhoofika sana. Ngozi ilikuwa imeungua mahali ambapo hakutaka nipaone, na sauti yake ilikuwa ya chini. Lakini alijaribu kucheka.

"Inanguruma kama tumbo la baba yenu akishiba."

Nilitazama nambari njia yote. Londiani ilikuwa hamsini na sita. Molo, arobaini na moja. Tulipoingia mjini ilikuwa sita. Kwenye lango la hospitali ilikuwa moja. Kipkurui aliegesha mahali pa kwanza alipoona, chini ya madirisha ya wodi, na nambari ikawa sifuri. Kengele ililia mara tatu. Injini iliendelea.

Kipkurui alifunga macho kidogo.

Kila siku mimi ndiye nilimpeleka mama ndani. Siku hiyo mama hakuweza kusimama. Alihitaji mtu wa kumbeba mpaka juu ya kitanda cha mashine, na mimi singeweza.

"Kaa kiti changu," Kipkurui aliniambia. "Usiguse kitu. Mtu akikuambia lolote, mwambie mwenyewe anakuja. Ni hilo tu. Sawa?"

"Sawa."

Alimbeba mama kama mtoto. Mama alinipungia mkono juu ya bega lake.

Nilikaa. Usukani ulikuwa unatetemeka kidogo. Kando yake kulikuwa na kitufe cha mviringo cha kuwashia na kuzimia. Nilificha mikono chini ya mapaja.

Askari wa lango alikuja baada ya dakika kumi hivi. Alikuwa mzee, koti lake limemzidi, jina limeandikwa kifuani: Ooko. Aligonga kioo taratibu. Nilikishusha.

"Nyathina," alisema, kwa sauti ya baba. "Mtoto wangu. Hapa hatuachi gari ikinguruma."

Nilitabasamu. Ndivyo ninavyofanya nikikosa la kusema.

"Unaona hilo dirisha? Hao ni wa kifua. Moshi unaingia."

Nilitazama. Dirisha lilikuwa wazi. Moshi wa gari letu, ambalo sasa halikuwa na kitu cha kuuosha, ulikuwa unapanda ukutani pole pole. Ndani mtu alikuwa anakohoa, kikohozi kirefu kisicho na mwisho.

"Mwenyewe anakuja," nikasema. Nadhani nilisema. Midomo ilisogea.

"Ati?"

Sikurudia. Alingoja, akaenda, akazungumza na watu wa lango, akarudi. Kulikuwa na benchi hapo karibu, na wanawake sita hivi waliongoja foleni. Sasa wote walikuwa wananitazama.

"Labda hajui kuzima," mmoja alisema.

"Labda hasikii. Mwandikie kwa karatasi."

"Watu wa magari ndio hivyo. Wa kifua wafe, yeye anataka joto."

Mzee Ooko aliinama mpaka uso wake ukawa karibu na wangu. Hakuwa na hasira hata kidogo. Afadhali angekuwa nayo.

"Nyathina, kama kuna sababu, niambie. Uko na mgonjwa gani? Anaugua nini?"

Benchi lote lilinyamaza ili lisikie.

Sababu nilikuwa nayo. Lakini sababu hiyo ilianza na mama, na habari ya mama ilianza na jina la ugonjwa, na nilikuwa nimeapa. Ningeweza kusema nusu. Ningeweza kusema, *gari likizimwa haliwaki.* Ningeweza kupiga kelele, kulia, kufunga kioo. Sasa nikiwa peke yangu na kalamu naona njia kumi. Siku hiyo niliona nyuso sita na mzee mmoja mwenye adabu aliyeniomba kitu kidogo.

Sijawahi kumwambia mtu mzima hapana.

Nilitoa mkono chini ya paja, nikabonyeza.

Injini ilinyamaza. Usukani uliacha kutetemeka. Nilisikia kikohozi cha ndani kikipoa kidogo, kisha dirisha likafungwa.

"Asante, mwanangu," Mzee Ooko alisema. "Mungu akubariki."

Nilibonyeza tena. Nilikanyaga klachi kama nilivyomuona Kipkurui akifanya, nikabonyeza. Nikabonyeza. Dashibodi iliandika maneno mekundu. La kwanza nililijua tangu darasa la kwanza. Lilikuwa NO.

* * *

Walitoka baada ya nusu saa. Kipkurui alikuwa anasukuma mama kwenye kiti cha magurudumu, amemlaza upande. Kutoka mbali mama aliinua vidole viwili hewani. Alikuwa anatabasamu.

"Zimebaki mbili," alisema kwa ile sauti yake ndogo. "Cherotich, zimebaki mbili tu!"

Kipkurui alisimama ghafla. Alikuwa hamtazami mama wala mimi. Alikuwa ameinamisha kichwa, anasikiliza.

"Mbona imenyamaza?"

Alisukuma kiti mpaka karibu na dirisha langu.

"Cherotich. Mbona gari imenyamaza?"

Kwa mara ya kwanza katika maisha yangu sikukohoa. Sauti ilitoka safi, kubwa, watu wote wa benchi waliisikia.

"Imejizima yenyewe."

Kipkurui alinitazama. Kisha alitazama kitufe cha A. Kisha akakaa chini kwenye kokoto, mwanaume mzima, mbele ya watu.

"Ni mimi," alisema. "Mama, ni mimi. Sikubonyeza vizuri. Nilisema nimebonyeza, na sikubonyeza."

Mama alishusha vile vidole viwili polepole, akaviweka juu ya kichwa cha Kipkurui.

"Ulibonyeza," mama alisema. "Mimi nilikusikia."

Halafu akageuza macho, akanitazama mimi.

Nyuma yangu nilisikia viatu vikisogea kidogo kwenye kokoto. Mzee Ooko alikuwa amekuja kuwasaidia kumwinua mgonjwa. Alikuwa amesimama karibu nasi tangu mwanzo, kofia mkononi, na alikuwa amesikia kila neno. Alimtazama kaka yangu aliyekaa chini. Alimtazama mama. Mwisho alinitazama mimi usoni, kwa muda mrefu, kama mtu anayeniomba niseme kwanza.

Sikusema.

Mzee aliweka kofia kichwani, akafungua mdomo.